Biharusi, Usikizibe Kidaka cha Bibi



Katika picha za mapambo tunazotumiana kwenye simu, kitu kimoja kinapendwa sana: ile fremu ya mbao, chuma au marumaru inayozunguka meko ya kuotea moto, na rafu yake juu ya kuwekea saa na maua. Dada zetu walioolewa Uingereza wanaijua vizuri, maana nyumba nyingi za zama za Malkia Victoria zilikuwa na meko karibu kila chumba. Huku kwetu joto tunalo la kutosha, lakini wapo mabiharusi wanaojengewa fremu ya jipsamu isiyo na moto wala bomba la moshi, mradi sebule ifanane na picha.

Hatuwalaumu. Kila mwanamke anapenda chumba chake kiwe na sura. Tunachosema ni kwamba nyumba zetu za kale zina sura yake, nasi tunaiziba kwa mikono yetu.

Tunazungumzia vidaka, au zidaka kama wasemavyo Lamu: vile vishubaka vya ukutani vilivyopangwa safu kwa safu, vikanakshiwa kwa lipu ya chokaa. Vyumba vya nyumba za mawe ni vyembamba kwa sababu upana wake ulitegemea urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari. Vidaka vikakifanya chumba kionekane kina kina zaidi, bila kula hata shubiri moja ya sakafu. Humo ziliwekwa sahani za Kichina, taa na vitabu. Nakshi zake ni maua na maumbo ya kuchora kwa rula na bikari, hazina sura ya mtu wala mnyama, kwa hiyo hata ukiswali mbele yake moyo umetulia.

Leo biharusi akiingia nyumba ya ukoo, jambo la mwanzo fundi huambiwa ajaze vidaka kwa matofali na saruji ili ipatikane nafasi ya kabati na televisheni.

Waingereza walipita njia hiyo hiyo. Zilipoingia hita za gesi na umeme katika karne ya 20, meko yalionekana uchafu na ushamba. Watu waliyang'oa na kuyatupa, au wakayafunika kwa mbao. Leo wajukuu wao wanazunguka kwenye maduka ya vitu vya kale wakitafuta fremu zile zile, na wanalipa pesa nyingi kurudisha kile ambacho babu alilipa kiondolewe. Lakini fremu ya mbao hung'olewa ikahamishwa. Kidaka ni sehemu ya ukuta. Kikivunjwa ni kifusi, na hakuna duka litakalokuuzia tena.

Tunajua malalamiko: vidaka hukusanya vumbi, na kuta za zamani humwaga unga juu ya vitanda. Ni kweli. Ila mara nyingi unga huo unatokana na unyevu, na saruji huzidisha ugonjwa. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa unapumua. Ukiupiga saruji au rangi ya mafuta, maji na chumvi hukwama ndani hadi lipu ibanduke. Anzeni na paa linalovuja, kisha mtafute fundi anayejua chokaa. Televisheni itapata ukuta mwingine.

Kuna na suala la haki. Nyumba nyingi za kale ni za warithi wengi, na nyingine ni wakfu. Mali ya wakfu haiuzwi wala hairithiwi. Basi ukiletewa mlango wa nakshi au fremu ya dirisha kwa bei ya kutupa, uliza umetoka nyumba gani na nani ameridhia. Pambo lenye haki ya yatima ndani yake halipendezeshi nyumba. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2000 na Mji wa Kale wa Lamu mwaka 2001, lakini amana hii ilikuwa juu yetu kabla ya mwaka wowote ule.

Na wewe dada uliye London au Leicester, kama nyumba yako ina meko ya asili, yaache mahali pake. Ukitaka kununua fremu ya zamani, pima ukuta kwanza, na chagua yenye majani na maua, kwa kuwa nyingine zimechongwa nyuso za watu. Usiikwangue rangi yake ikiwa kavu, hasa ukiwa na mimba au mtoto anayetambaa. Rangi za zamani mara nyingi zina risasi, na vumbi lake ni sumu.

Asiye na nyumba ya kale naye hajakosa. Mwambie fundi akujengee kidaka kimoja kipya sebuleni, uweke msahafu wako na chetezo cha udi. Mwenye nyumba ya kale tunamwomba kitu kidogo zaidi: kabla fundi hajachanganya saruji, kaa na mama mkwe umuulize vidaka vile vilikuwa vya nini. Huenda usitake tena kuviziba.