JINJA IMEKUWA JIJI, KIBARUA BADO NI KIBARUA



Mtu anayetoka Kampala akivuka Mto Naili kwa daraja jipya lililofunguliwa mwaka 2018 hachelewi kufika kwetu Nalufenya. Nchi nzima iliijua Nalufenya kwa kituo cha polisi kilichokuwa kikifungia watu mpaka mwaka huohuo. Sisi tunaijua kwa wodi ya watoto, ambako akina mama wa mashambani huleta watoto wao wenye malaria.

Tarehe 1 Julai 2020 Jinja ilifanywa jiji, siku moja na ndugu zetu wa Mbale. Mafubira na Bugembe, zilizokuwa za kaunti ya Butembe, ziliingizwa jijini, na Budondo pia. Kakira pamoja na miwa yake ikabaki wilayani. Tangu hapo ukipita Mafubira unaona nyumba zinaota kuliko mahindi. Palipokuwa na migomba sasa pana mizigo, yaani vile vyumba vya safu moja, mlango kwa mlango. Mwenye shamba amekuwa mwenye nyumba, naye mfanyakazi amekuwa mpangaji wake. Zamani mke wa mfanyakazi aliweza kukodi kipande cha ardhi akapanda viazi na maharagwe. Leo anayanunua sokoni, na maji ananunua kwa dumu. Haya ndiyo maendeleo tunayopongezwa kwayo.

Hatusemi jiji ni baya. Tunauliza limejengwa na nani. Mwanzoni mwa karne iliyopita ugonjwa wa malale uliua watu kwa maelfu katika Busoga ya kusini, hata serikali ya kikoloni ikawahamisha waliobaki kutoka kando ya ziwa. Baadaye wakaja wafanyakazi kutoka West Nile, Rwanda, Kenya na kwingineko, wakafyeka, wakapanda miwa, wakajenga reli na bwawa. Kiwanda cha sukari cha Kakira kilianza mwaka 1930, bwawa la Owen Falls likafunguliwa mwaka 1954. Umeme ukaleta viwanda vya nguo, na shaba ya Kilembe ikaletwa kwa reli kuyeyushwa hapa Jinja. Kiswahili tunachoandika katika ukurasa huu kilikolezwa katika kambi hizo na katika mtaa wa Walukuba, maana Mlugbara na Mjaluo walihitaji lugha ya kuzozania mshahara.

Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia. Wako waliodhani viwanda sasa ni vyetu. Viligawiwa wakubwa, vipuri vikakosekana, mashine zikashika kutu, na kazi zikapotea. Wazee wetu waliorudi kijijini miaka ile walirudi mikono mitupu.

Sasa moshi unatoka tena. Mbale wana eneo la viwanda lililozinduliwa mwaka 2018 pamoja na wawekezaji wa Kichina, na huku kwetu malori ya miwa yanapishana usiku na mchana. Lakini kima cha chini cha mshahara kilichomo katika sheria ni kilekile cha mwaka 1984: shilingi 6,000 kwa mwezi. Ndugu, 6,000 ni kilo chache za posho! Mwaka 2019 Bunge lilipitisha mswada wa kurekebisha jambo hili, Rais akakataa kutia sahihi. Tuliambiwa wawekezaji watakimbia. Hatujaambiwa mpangaji wa Mafubira akimbilie wapi.

Basi tukingoja hilo, lipo jambo jingine ambalo tayari ni sheria, na ndilo tunalotaka kila tawi lilishike. Kanuni za Ajira za mwaka 2011 zinasema kwamba kibarua aliyefanya kazi miezi minne mfululizo kwa mwajiri mmoja si kibarua tena. Ana haki ya mkataba wa maandishi, na haki zote za mfanyakazi wa kudumu. Waajiri wanalijua hili kuliko sisi. Tunajua kiwanda kimoja ambako watu husimamishwa wiki chache kabla ya mwezi wa nne kutimia, kisha huitwa upya kama wageni, mtu yuleyule, mashine ileile, mwaka wa sita sasa. Mashambani ni vivyo hivyo: mkata miwa anahesabiwa kuwa wa leja-leja, msimu baada ya msimu, mpaka mgongo unapinda.

Tena kuna akiba ya uzeeni ya NSSF. Mfanyakazi hukatwa asilimia 5, mwajiri huongeza 10. Tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2022, kila mwajiri analazimika kuchangia, hata mwenye mfanyakazi mmoja. Usikubali neno la karani kwamba “nyinyi ni wachache.” Ulizia hesabu yako mwenyewe, maana kukatwa mshahara si uthibitisho kwamba fedha zimefika.

Kwa hiyo tunawaomba wawakilishi wa matawi, wa Jinja na wa Mbale, waandike orodha: jina la kila kibarua, siku aliyoanza, siku aliyosimamishwa, siku aliyorudishwa. Kadi za kazi na karatasi za malipo zisitupwe, hata zikiwa zimechafuka grisi. Asiyejua kuandika aandikiwe na mwenzake. Orodha ziletwe kwa katibu wa tawi kabla ya mwisho wa mwezi, ili tukienda kwa afisa wa kazi twende na majina na tarehe.