Riba Ibaki Mtaani

Kila mtaa una watu wanaojua kutafuta: mama mboga, fundi wa viatu, kinyozi, mtu wa boda boda. Bidii ipo. Kinachokosekana mara nyingi ni pesa ya stoki Jumatatu asubuhi, na pesa ya kuvuka wiki mbaya bila kuuza cherehani au pikipiki. Wengi wakikwama hapo wanakimbilia mkopo wa simu. Sisi tuko kwenye hii biashara ya pesa za simu, na bado tunakwambia: ukiwa na chama kizuri, anza kukopa huko.

Mtu akikopa huuliza riba ni ngapi. Ni swali zuri. Ongeza la pili: hiyo riba ikishalipwa, inaenda wapi?

Tuchukue mfano. Wanachama 20 wanachanga shilingi 500 kila wiki. Hiyo ni 10,000 kwa wiki, na baada ya wiki 10 kuna 100,000. Tuseme nusu yake, yaani 50,000, wamekopeshana kwa riba ya asilimia 5 kwa mwezi. Kila mwezi inaingia riba ya 2,500. Wakiendelea hivyo miezi sita, wamepata 15,000, na mtaji wao bado upo. Wakigawana faida hiyo sawa, kila mmoja anapata 750. Sasa fikiria watu hao hao wamekopa pesa hizo hizo nje, kwa riba hiyo hiyo. Ile 15,000 imetoka mtaani na hairudi.

Vyama vingi bado vinazungushiana tu: wiki hii anapewa Wanjiku, wiki ijayo Atieno. Hatuna ubaya na hilo. Limenunulia watu wengi tangi la maji na kulipa karo. Lakini wa ishirini anasubiri karibu miezi mitano, na kila wiki mfuko unabaki mtupu. Mafuriko yakiingia sokoni leo, hakuna pa kugusa. Chama kinachoweka na kukopesha kina mahali pa kuanzia tena.

Wazo la kufanya thamani izunguke mtaani limejaribiwa hapa kwetu. Mwaka 2013, wafanyabiashara wadogo wa kijiji cha Bangladesh, Mombasa, walianza kulipana kwa vocha zao walizoziita Bangla-Pesa. Shilingi zilikuwa haba, lakini mboga, maji na kazi za mikono zilikuwepo. Waanzilishi walikamatwa na kushtakiwa, kisha mashtaka yakaondolewa mwaka huo huo. Wazo lenyewe halikufa: lilihamia kwenye simu kwa jina la Sarafu, na mwaka 2020, wakati wa korona, Msalaba Mwekundu wa Kenya ulishiriki kulipeleka Mukuru, Nairobi. Tunachojifunza ni kwamba biashara ya jirani na jirani inaweza kuendelea hata shilingi zikipungua. Na pia kwamba jambo la pesa za watu linahitaji kueleweka kisheria mapema. Kama chama chenu hakijasajiliwa, ipo Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022. Anzieni ofisi ya maendeleo ya jamii iliyo karibu nanyi.

Tunajua utatuambia nini: vyama huvunjika. Kweli. Mweka hazina anahama usiku, au mwenyekiti anajikopesha na hakuna wa kumuuliza. Lakini wahenga walishasema, mali bila daftari hupotea bila habari. Chama kikivunjika, mara nyingi ni mtu mmoja alikuwa ameshika pesa na daftari pia. Hapo ndipo simu inasaidia kuliko kitu kingine chochote:

1. Michango iende moja kwa moja kwenye akaunti ya chama, si kwenye laini ya mtu. Mwanachama abaki na ujumbe wake wa kuthibitisha.

2. Pesa isitoke mpaka watu wawili au watatu waidhinishe. Usimpe mtu yeyote namba yako ya siri, hata awe mwenyekiti.

3. Katibu asome salio kwa sauti kila mkutano, na mwanachama yeyote aruhusiwe kuona taarifa ya miamala. Anayekasirika akiombwa taarifa hafai kushika pesa.

4. Wekeni kikomo cha mkopo kulingana na akiba ya mtu, na kiheshimiwe hata na viongozi.

5. Mfuko wa matanga na hospitali uwe kando. Usipotengwa, msiba mmoja unaweza kumaliza pesa ya stoki ya watu 20.

Kuna hatari nyingine ambayo haizungumzwi sana. Kama wote mnauza samaki soko moja, siku samaki wakikosekana wote mtataka kukopa, na hakuna wa kulipa. Changanyeni: muuza samaki, fundi nguo, mkulima, mwalimu. Wiki mbaya ya mmoja iwe wiki nzuri ya mwingine. Na msikopeshe pesa yote. Ndiyo maana kwenye mfano wetu tuliacha nusu.

Mkopo wa simu una mahali pake. Mtoto akiugua saa nane usiku, chama hakitakutana. Kopa, lipa mapema, endelea. Shida inaanza pale mkopo wa dharura unapogeuka kuwa mtaji wa kila siku, na unakopa hapa kulipa pale. Hapo unafanyia kazi riba, na faida ya kibanda chako inaliwa na watu usiowajua.

Kwa hivyo mkutano ujao wa chama chako, kabla chai haijaletwa, uliza maswali matatu: Tuna pesa ngapi leo? Ziko mikononi mwa nani? Nani zaidi ya mweka hazina anaweza kuthibitisha? Majibu yakipatikana kwa dakika tano, mko tayari kukopeshana. Yakichukua saa nzima, msimkopeshe mtu kwanza. Tengenezeni daftari.