Roboti waliomeza tiketi za Colosseum

Mteja mmoja aliwahi kuniomba nimwandikie programu ya kununua tiketi kwa wingi pindi tu zinapotolewa. Kazi ya siku mbili, malipo mazuri. Nusura nikubali.

Nilimkumbuka niliposoma habari za Roma. Watalii walikuwa wakifungua tovuti rasmi ya Colosseum na kukuta tiketi zimekwisha, huku mawakala wakiwa nazo tele, zimefungashwa na mwongoza watalii na bei imepanda. Aprili 2025, mamlaka ya ushindani ya Italia iliitoza kampuni iliyokuwa ikiuza tiketi hizo, pamoja na mawakala sita, faini ya karibu yuro milioni 20. Roboti walitajwa waziwazi.

Sasa wenzangu wa fani hii, tusijifanye hatujui nani huandika vitu hivyo!

Nawe msafiri, anzia tovuti rasmi, takriban siku 30 kabla, ndipo utafute mwongozaji ukimtaka (mzuri anastahili kila senti). Anayekuahidi kuruka foleni, muulize foleni ipi, maana ukaguzi wa usalama haumruki mtu. Na usisahau pasipoti: tangu Oktoba 2023 tiketi huandikwa jina la mwenyewe.