Timu ya Taifa ya Vijana ya Hoki ya Barafu? Watoi Wako, Ngori ni Barafu

Ukiskia "timu ya taifa ya vijana ya hoki ya barafu", halafu uskie ni ya nchi imepitiwa na ikweta, kitu ya kwanza unafanya ni kucheka. Cheka umalize, ni sawa. Ukimaliza kaa chini, juu hii story ilitoka kwa utani kitambo. Septemba 2024 Kenya iliingizwa rasmi kwa IIHF, hilo shirikisho la dunia la hoki ya barafu, kama mwanachama mshiriki. Hapa Afrika, wenye walikuwa ndani tayari ni Afrika Kusini, Morocco, Tunisia na Algeria. Sisi ndio wa tano.

Sasa kuna mtoi wa miaka 10 ako pale Mombasa Road anateleza na fimbo mkononi. Huyo ako na haki ya kuuliza: hiyo karatasi itanifikisha wapi? Kwa huu mchezo, timu za vijana ni mbili, U18 na U20. Ukipiga hesabu, huyo mtoi ako na kama miaka nane tu kabla mlango wa U18 umfungikie. Na miaka nane huisha mbio, uliza mtu yeyote mwenye alianza form one juzi.

Wacha nikupe rada kutoka mwanzo. Barafu yetu iko ndani ya hoteli, Panari, na imekuwa hapo tangu 2005. Timu ya Ice Lions ilianza 2016, wageni wenye walikuwa wamecheza kwao wakachanganyika na wasee wa hapa, na wengi wa hao wa hapa walikuwa wametoka kwa rola. Unawajua, wale wa kuteleza tao Jumapili wakikupita kama upepo. 2018 kampuni ya Canada, Tim Hortons, iliwabeba hadi Canada wakacheza game ya ukweli wakiwa wamesaidiwa na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, kwa hii sports hao ni majina makubwa ajabu. Filamu fupi ikatoka, dunia ikalia machozi. Sababu ya hiyo safari? Hapa nyumbani hakukuwa na timu nyingine ya kucheza nayo.

Walirudi wakapata barafu ni ile ile. Na ni ndogo.

Uwanja wa kimataifa wa hoki ni mita 60 kwa urefu, na upana ni kati ya mita 26 na 30. Ile ya Panari haifiki hapo, ilitengenezwa watu wajibambe wikendi. Unaweza sema ni shida ndogo, lakini hii ni game ya speed. Wachezaji wanaingia, wanakimbia kama wazimu kwa muda haufiki dakika moja, wanatoka kupumua, wengine wanaingia. Mtoi anafaa ajue kusoma nafasi, kupiga pasi ya mbali, kurudi nyuma akiwa na kasi. Kumfunza hayo kwa barafu ndogo ni kama kumfunza mtu gari ndani ya parking halafu umwachilie Thika Road saa kumi na mbili jioni.

Kuna mtu atasema, "Lakini Philip Boit aliweza." Kweli, 1998 kule Nagano alimaliza wa mwisho kwa mbio za ski za kilomita 10, na mshindi Bjørn Dæhlie akamngoja kwa finish line amkumbatie. Heshima zake. Lakini Boit alikuwa mtu mmoja. Nike walimsponsor akaenda Finland kujifunza kwa theluji. Timu ya vijana ni watoi karibu ishirini wenye wako shule. Huwezi wahamisha wote Finland. Barafu ndio inafaa iwafuate.

Angalia wenzetu wa joto. Jamaica iliingia IIHF 2012 bila rinki hata moja kwa kisiwa chao. Wakatumia diaspora, wachezaji wenye damu ya Jamaica waliolelewa Canada na Marekani, na 2019 wakabeba LATAM Cup kule Florida. Poa sana, lakini mtoi wa Kingston hakufunzwa kuteleza na hicho kikombe.

Mexico walipita njia nyingine. Mexico City iko ndani ya tropiki, lakini rinki ziko ndani ya malls. Hiyo biashara ni rahisi kuelewa: watu wa birthday na wapenzi wa kushikana mikono wanalipa kuteleza, halafu timu zinapewa masaa yao. Leo timu za Mexico za U18 na U20 zinacheza mashindano ya dunia, madaraja ya chini, lakini wako ndani. Na sisi Kanairo tukikosa kitu, hakiwezi kuwa mall.

Najua swali lako: na bill ya stima? Ni ngori, sikatai. Chini ya hiyo barafu kuna mapaipu ya baridi, mashine inafanya kazi mchana na usiku, na hapa jua halina likizo. Ndio maana kutegemea mwenye jengo mmoja ni hatari. Akiamua kesho hiyo space inafaa kuwa ya harusi, mchezo mzima wa nchi umezimwa kwa switch moja. Corona ilishatuonyesha hiyo picha.

Na sio ati serikali itoe doh ya mpira ipeleke kwa barafu. Angalia tu vile timu zetu za vijana hutokea. Junior Starlets walifika Kombe la Dunia la U17 2024, timu ya kwanza ya soka ya Kenya kufika Kombe la Dunia lolote. Chipu walibeba Afrika kwa raga ya U20 2019. Hao wote walikuwa na viwanja vya shule na games za shule nyuma yao. Hoki ya barafu haina hiyo ngazi, inaruka kutoka kwa mtoi hadi bendera.

Ngazi inaweza anza na rola, juu lami haihitaji stima. Ligi ya watoi ya hoki ya rola mtaani, wenye wameiva wapewe masaa ya barafu, na wasitozwe bei ya mtalii. Mchezo wa watatu kwa watatu pia upo, Olimpiki ya Vijana ya Gangwon 2024 iliuweka, na huo unatoshea nafasi ndogo. Halafu shirikisho letu likae na mwenye mall mmoja tu lifanye naye hesabu ya barafu ya size kamili.

Bila hiyo, tutapiga picha za jezi kila mwaka na yule mtoi wa miaka 10 atafika 18 akiwa bado anazunguka palepale.

Wewe unaonaje? Mall ya mtaa wako ingekuwa na rinki, ungeenda, ama ungesimama kando ukirekodi wenye wanaanguka?