Asilimia Moja ya Tabaini ni Pesa Nyingi

Leo naweka programu na tarakilishi kando kidogo nizungumzie kitu kinachozipa uhai, yaani stima. Hoja yangu naitoa mapema ili asiyekubaliana nami aanze kunoa zake: serikali inapotumia pesa za ushuru kutafiti tabaini za gesi zenye ufanisi zaidi, haitupi pesa. Na serikali zetu za Afrika Mashariki zina sehemu yao katika utafiti huo, sehemu ambayo hakuna mgeni atakayetufanyia kwa hisani.

Kwanza tuelewane. Tabaini ya gesi ni ndugu ya injini ya ndege. Inavuta hewa, kompresa inaishindilia, gesi inachomwa ndani ya hewa hiyo, na moto unaotoka unazungusha mapanga kama ya feni. Mapanga nayo yanazungusha jenereta. Shida ni kwamba zaidi ya nusu ya nguvu inayopatikana hurudi kuendesha kompresa yenyewe. Ndiyo maana tabaini ya kwanza ya kuzalisha umeme wa mji, iliyowashwa Neuchâtel, Uswisi, mwaka 1939, iligeuza chini ya asilimia 18 tu ya joto la mafuta kuwa umeme. Lililobaki liliishia hewani.

Mwaka 2016 mtambo wa Bouchain, Ufaransa, ulifikisha asilimia 62.22. Ilifanyikaje?

Njia ni mbili. Ya kwanza ni kutumia moshi wa moto unaotoka kwenye tabaini kuchemsha maji, mvuke wake ukazungusha tabaini ya pili. Ya pili ni kuongeza joto la moto wenyewe, na hapa ndipo jasho linapotoka. Kuna mashine ambazo gesi inaingia kwenye mapanga ikiwa na nyuzi 1,600 za Selsiasi. Mapanga hayo msingi wake ni nikeli, na nikeli huyeyuka kwenye nyuzi 1,455! Yanaokolewa na hewa inayopitishwa katika vijitundu ndani yake, ngozi nyembamba ya kauri iliyopakwa juu, na chuma kilichokuzwa kiwe fuwele moja isiyo na viungo. Kila mojawapo ya mbinu hizo ilichukua miaka mingi ya kujaribu na kuvunja.

Sasa niulize: ni kampuni gani itakayokaa miaka kumi ikivunja mapanga ya bei ghali bila kuuza kitu? Ndipo serikali ilipoingia. Mwaka 1992 Wizara ya Nishati ya Marekani ilianzisha mpango wa tabaini za kisasa, ikigawana gharama na watengenezaji wakiwemo General Electric na Westinghouse. Lengo liliandikwa wazi: mtambo mkubwa ufikie ufanisi wa asilimia 60, gesi chafu ya oksidi za nitrojeni ishuke chini ya sehemu 10 kwa milioni, na bei ya umeme ipungue kwa asilimia 10. Mashine ya kwanza ya General Electric ya kizazi hicho ilianza kazi Baglan Bay, Wales, mwaka 2003. Japani nayo ilianza mwaka 2004 mradi wa kitaifa wa kutafuta teknolojia ya nyuzi 1,700. Sehemu ya matunda yake iliingia katika mashine ya Mitsubishi ya nyuzi 1,600, iliyojaribiwa Takasago mwaka 2011.

Tupige hesabu kidogo. Chukua mtambo wa megawati 100 unaofanya kazi mwaka mzima bila kupumzika. Ukiutoa kwenye ufanisi wa asilimia 50 hadi 60, umeme ni uleule lakini gesi inapungua kwa moja ya sita. Hiyo ni karibu mita za ujazo milioni 28 za gesi kwa mwaka, kwa mtambo mmoja. Sisi waandishi wa programu tunalijua jambo hili: ukipunguza kazi ndani ya kitanzi kinachorudiwa mara bilioni, faida yake haifichiki. Tabaini ni kitanzi kinachozunguka miaka thelathini.

Najua kuna watakaoniuliza: Kenya ina mvuke wa Olkaria, upepo wa Turkana na jua la kutosha, gesi ya nini? Swali zuri. Mimi mwenyewe sitaki tuikimbilie gesi tukauacha mvuke. Lakini jirani yetu Tanzania amekuwa akizalisha umeme kwa gesi ya Songo Songo tangu 2004, na mwaka 2021 nchi zetu mbili zilitia saini makubaliano ya kujenga bomba la gesi kutoka Dar es Salaam hadi Mombasa. Gesi inayochomwa, bora ichomwe vizuri. Mtambo mbovu hauisaidii hali ya hewa, wala haumpunguzii mama mboga bili ya stima.

Sasa nije kwenye sehemu yetu. Nguvu ya tabaini inayoandikwa kwenye karatasi za mauzo hupimwa hewa ikiwa na nyuzi 15. Nani amewahi kuona nyuzi 15 Mombasa adhuhuri? Hewa ya moto ni nyepesi, kwa hiyo mashine inavuta uzito mdogo wa hewa na nguvu inashuka, kati ya nusu asilimia na asilimia moja kwa kila nyuzi inayoongezeka. Kwenye nyuzi 32, mtambo wa megawati 100 unaweza kupoteza megawati 10 hivi. Tumelipia, lakini hatuzipati.

Nchi kavu za jangwani hupoza hewa kwa kuinyunyizia maji kabla haijaingia. Pwani yetu hewa imejaa unyevu tayari, kwa hiyo mbinu hiyo inasaidia kidogo. Je, tupoze kwa barafu iliyogandishwa usiku, umeme ukiwa na matumizi madogo? Chumvi ya bahari inayaharibu mapanga ya kompresa kwa kasi gani, na yaoshwe kila baada ya siku ngapi? Haya ni maswali ya Mombasa, Dar na Mtwara. Majibu yake hayahitaji kiwanda cha kufua mapanga ya fuwele. Yanahitaji vipimo, wanafunzi wa uhandisi, programu nzuri za kuchambua takwimu, na pesa kidogo zinazotolewa kwa uaminifu kila mwaka.

Pesa hizo sheria inazijua. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 ilitaka Kenya itenge asilimia 2 ya pato la taifa kwa utafiti. Hatujafika huko. Tunanunua mashine za mabilioni, kisha tunabania shilingi ya kujifunza kuziendesha.

Nina sharti moja tu. Utafiti ukilipiwa na mlipa ushuru, takwimu na programu zake ziwekwe wazi kwa yeyote, kama tunavyofanya na programu huria. Kampuni iuze mashine yake, hakuna ubaya. Lakini namba za mtambo tulioulipia, zinazoonyesha unakula gesi kiasi gani na unatoa umeme kiasi gani kila saa, ni zetu. Mhandisi kijana wa Mombasa akiweza kuzipakua leo, huenda kesho akatuonyesha asilimia moja tuliyokuwa tukiitupa baharini.

Mwasemaje, wenzangu?