Msiwaachie Wazee Bukari Tupu

Mwandishi aliyedai kwamba mzee wa Lubumbashi akishiba bukari (ugali wa mahindi) na sombe (majani ya muhogo) amekula vya kutosha, na kwamba miguu ikimlegea ni uzee tu, anatetea jambo linalowadhuru wazazi wetu.

Misuli hupungua umri unaposonga, hilo sibishi. Kasi yake ndiyo inayobadilika, na chakula ni sababu mojawapo. Mahindi yana upungufu wa lisini, kirutubisho ambacho misuli haijengeki bila hicho. Maharagwe yanayo tele. Ndakala (dagaa), mayai na finkubala (viwavi) wanaouzwa soko la Kenya hapa Lubumbashi huongeza protini. Na mzee anaihitaji kuliko kijana: mwaka 2013 jopo la wataalamu lilipendekeza, kwa waliopita miaka 65, gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Kipimo cha kawaida cha mtu mzima ni 0.8.

Mwandishi huyo atajibu kwamba fedha hazipo. Wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa kampuni ya madini ya Gécamines walioachishwa kazi mwaka 2003 na 2004 wanazeeka sasa, na najua wengi wanahesabu kila faranga. Kwa hiyo sizungumzii nyama ya ng'ombe. Nazungumzia karanga zilizotwangwa ndani ya sombe, maharagwe leo, lengalenga na ndakala kesho.

Tena tuangalie sahani zenyewe. Bibi humpa mjukuu kipande chake cha samaki, yeye akabaki na mchuzi, nasi tunamsifu kwa upendo. Awekewe chake, na tukae naye mpaka akile.