Mgeni wa Shambani Aulizwe Kwanza



Juzi bwana mmoja wa skimu alifika ofisini kwetu hapa Nairobi, upande wa Kabete, akiwa na mche wenye miiba mkononi. Ameuziwa miche mia, akaambiwa ni ua usiotaka maji wala jembe. "Mwalimu," akaniuliza, maana wengi hunijua kwa kazi yangu ya zamani, "nipande, nisipande?"

Nilimjibu kwa habari ya kobe.

Karibu na Morisi, katika Bahari ya Hindi, kiko kisiwa kidogo kiitwacho Île aux Aigrettes, hekta 25 hivi. Zamani nchi hiyo ilikuwa na kobe wake wakubwa. Mabaharia wakawala hata wakaisha, na kazi yao ikabaki bila mwenyewe. Uko mti wa mbao nyeusi ambao matunda yake yalibaki kuanguka na kuoza chini ya mti mama, kwa kuwa aliyekuwa akizichukua mbegu mbali hayupo.

Mwaka 2000 wataalamu waliwapeleka huko kobe wa Aldabra, ndugu za wale wa Changuu, Unguja. Kwanza waliweka wachache uani, wakaangalia wanakula nini. Baadaye wakawafungulia. Mwaka 2011 walitangaza kwamba miche imeota mahali ambapo miti ilikuwa imekatwa, na mbegu zilizopita tumboni mwa kobe humea vizuri zaidi.

Sasa tazameni mathenge. Mti huu uliletwa Baringo katika miaka ya 1980 kwa nia njema, uzuie jangwa na utoe kuni. Mbuzi wakala maganda yake matamu, wakatawanya mbegu kwa mavi yao, kazi ile ile ya kobe. Malisho yakazibwa na miiba. Mwaka 2006 wenyeji walikwenda Mahakama Kuu ya Nairobi kuishtaki Serikali, wakamleta na mbuzi aliyepoteza meno. Sisi wa maofisini hatuna haki ya kulisahau jambo hilo.

Wote wawili ni wageni. Tofauti yao ni hii: kobe huzaa polepole, huonekana, na akileta hasara hukusanywa na kurudishwa uani. Mathenge ukiukata, huchipua tena.

Sisemi tukatae kila kigeni; mahindi yenyewe yalitoka Amerika. Nasema tuulize maswali matatu. Mgeni huyu atafanya kazi gani ambayo haina mwenyewe? Je, amejaribiwa mahali padogo kwanza? Akiharibu, nitaweza kumwondoa? Kama swali la tatu halina jibu, usipande. Mpelekee afisa wako wa kilimo tawi lake alitazame, na usisahau kwamba mbegu haziheshimu mpaka wa jirani.

Bwana yule aliondoka akisema miche mia itangoja.

Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Lakini kabla ya jembe, ujue kama njia ya kurudi kwao iko.